Sifa za Kutu

Malenga wetu wameusifu mnazi kwa manufaa yake, lulu kwa mng'aro wake na dhahabu kwa thamani yake, wala sina neno juu ya sifa hizo, kwa kuwa vyote vitatu vinazistahili. Lakini kila nizisomapo hustaajabu kwamba hapana hata mmoja aliyeikumbuka kutu, ambayo hufanya kazi usiku na mchana, masika na kiangazi, bila ujira wala mapumziko, juu ya kila paa, kila komeo na kila nanga kutoka Lamu hata Kilwa, na ambayo badala ya shukrani hulipwa msasa, mafuta ya taa na matusi. Dhuluma hiyo imedumu mno. Nimeazimia kuiondoa kwa kadiri ya uwezo wangu, nami naifanya kazi hii bure, maana kutu haina fedha ya kunipa, na fedha yenyewe, kwa kuwa haishiki kutu, si jamaa yake.

Desturi ya kumsifu mtukufu ni kuanza na nasaba, na nasaba ya kutu haina doa. Baba yake ni chuma na mama yake ni maji, na hewa tuivutayo, kwa ile sehemu yake iitwayo oksijeni, ndiyo kadhi aliyewaozesha. Akikosekana mmoja wa hao watatu ndoa haifungiki, na ndiyo maana msumari uliotupwa jangwani huweza kufukiwa na mchanga ukiwa bado mzima, hali ndugu yake aliyepigiliwa katika dirisha la Mji Mkongwe, Unguja, hapitishi miaka mingi bila kumwaga machozi mekundu juu ya chokaa ya ukuta. Chumvi ya bahari ndiye kungwi wa harusi hiyo: yeye hazai, lakini ajapo mambo huenda upesi. Jamaa za kutu nao wametapakaa mbali. Udongo mwekundu tunaoulima umepata rangi yake kwa chuma kilichoshika kutu ndani yake, na nyota ya Mirihi, ambayo watu wa kale waliuogopa wekundu wake wakaifanya kuwa nyota ya vita, si nyekundu kwa damu ya mtu ye yote bali kwa vumbi la kutu lililoifunika. Ni sultani gani aliyepata kumiliki sayari nzima?

Waingereza, ambao wameishi na chuma chini ya mvua kwa karne nyingi, wameipa kutu jina lenye asili moja na jina lao la rangi nyekundu, kisha wakalitolea kivumishi, 'rusty', ambacho hukivisha vitu vya namna nyingi: bawaba iliayo, kitambaa cheusi kilichochujuka kikawa cha hudhurungi, sauti inayokwaruza, mtu mwenye nywele nyekundu, na juu ya yote mtu aliyekuwa hodari wa jambo fulani kisha akaliacha. Sisi nasi husema vivyo hivyo kwamba hesabu za fulani zimeingia kutu, au Kiarabu chake, na hapo ndipo ilipo fadhila kubwa ya kutu, ambayo ningependa wanaoitukana waitafakari. Mti haushiki kutu, wala jiwe, wala kibuyu. Ni chuma tu. Kwa hiyo mtu akikiri kwamba elimu yake imeingia kutu, hakukiri ujinga hata kidogo, bali ametangaza, kwa unyenyekevu unaopendeza, kwamba palikuwa na chuma. Aibu nyingine zote humvua mtu heshima. Hii pekee humvika ile aliyokuwa nayo zamani, na mara nyingine hata ile asiyopata kuwa nayo, kwani nani atakayekwenda kuchimba chini ya kutu ya Kiarabu cha bwana yule ili ahakikishe kama kweli kilikuwapo? Mzee anayeombwa apige udi harusini, naye akajibu kwamba vidole vimeingia kutu, huondoka na sifa ya upigaji bila kugusa hata uzi mmoja.

Fadhila ya pili ni insafu. Warumi wa kale walikuwa na jina moja kwa kutu ya chuma na kwa ule ugonjwa wa ngano ambao wakulima wetu pia huuita kutu, na kila tarehe 25 Aprili walichinja mbwa ili mashamba yapate kuhurumiwa. Mshairi wao Ovid akamtia kuhani kinywani dua ya kuisihi kutu iyaache mashuke, iende kwenye panga na mikuki. Pliny, mwanachuoni wao, alipoona jinsi chuma kilivyotumiwa kuulia watu, aliihesabu kutu kuwa ni rehema ya maumbile, inayokitoza chuma adhabu ya makosa yake. Dua ya Ovid ilikubaliwa katika nchi yetu. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoiangamiza Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilikwenda kujificha katika delta ya Rufiji, na Julai 1915, baada ya kupigwa mizinga na Waingereza, mabaharia wake wenyewe waliizamisha, kisha wakaivua mizinga yake waende nayo vitani nchi kavu. Gamba lake likaachiwa matope, maji na kutu, ambayo haikuuliza bendera ya mtu, ikalila polepole kwa miongo ya miaka bila kufyatua risasi moja. Mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus imewekwa pamoja kwenye Ngome ya Yesu, Mombasa, na mahasimu wale wawili sasa wana hasimu mmoja.

Fadhila ya tatu ni subira. Bandu bandu huisha gogo, nayo kutu haijapata kuivunja kanuni hiyo. Litazame bati jipya siku lipandishwapo, linavyomemeteka hata jirani akafinya macho, na mwenye nyumba anavyotoka kila asubuhi kulitazama kwa ghururi. Kutu haishindani na ghururi hiyo waziwazi. Huanzia mahali msumari ulipoitoboa zinki, ikaweka alama ndogo isiyozidi punje ya mtama. Masika yanayofuata alama huwa duara. Kisha maduara huungana pale bati moja linapolaliana na jingine, ambapo maji hukawia kukauka, na usiku mmoja wa mvua kubwa mwenye nyumba huamka akaitisha sufuria, wala si ya kupikia.

Wako wasemao kwamba kutu huharibu mali, lakini hiyo ni kauli ya watu wasiohesabu riziki. Kama si kutu, Mfaransa Sorel asingejisumbua mwaka 1837 kuchukua hati ya kukivika chuma joho la zinki, nasi tusingekuwa na mabati ya kujivunia. Wala Harry Brearley wa Sheffield asingeitambua, mwaka 1913, thamani ya chuma cha pua kisichoshika kutu. Mnara wa Eiffel mjini Paris, uliofunguliwa mwaka 1889, hupakwa rangi upya kila baada ya miaka saba hivi, kwa tani zipatazo 60 za rangi. Na daraja la Forth huko Uskoti, lililofunguliwa mwaka mmoja baadaye, limewapa Waingereza msemo wa kazi isiyokwisha, kwa dhana kwamba wapakaji wakifika mwisho hulazimika kurudi mwanzo. Hapa kwetu, fundi wa rangi, muuza msasa, muuza mabati na yule kijana apitaye mitaani na mkokoteni akinunua vyuma chakavu, wote hupata chakula cha watoto wao kwa mkono wa kutu, na hakuna aliyekwenda kuishukuru. Na wale wanaoichukia kwa sura yake waende Gateshead, kaskazini mwa Uingereza, wakamtazame Malaika aliyesimamishwa na Antony Gormley mwaka 1998, kimo chake mita 20 na upana wa mbawa zake mita 54, aliyefanywa kwa chuma cha pua kilichotiwa shaba kidogo ili kutu yake ishikamane imara na kukilinda kilicho chini. Hapo mwizi ndiye aliyepewa bunduki ya ulinzi, na nyumba haijaibiwa.

Masheikh hutuonya kwamba mioyo nayo hushika kutu, nami sithubutu kuwapinga. Lakini naona katika onyo hilo mna bishara, kwa kuwa kilichoshika kutu huweza kusuguliwa kikang'aa, na kilichooza hakisuguliwi. Meli ya Liemba ni ushahidi. Wajerumani walipoizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwaka 1916, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, walizipaka kwanza mashine zake mafuta mazito, kwa adabu waliyokuwa nayo mbele ya kutu. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kusafiri katika Ziwa Tanganyika, ikabeba abiria na dagaa kwa miongo mingi baada ya walioizamisha kwisha kusahauliwa. Kutu huwapa muhula wanaoiheshimu. Ghadhabu yake huwashukia wale tu waliopewa chuma wakakilaza.

Kwa hiyo mwenye jembe lililoliwa asiende kwa hakimu kuishitaki kutu. Ataulizwa jembe lilikuwa wapi masika yote, naye atalazimika kusema kwamba lilikuwa nyuma ya mlango; kisha ataulizwa yeye mwenyewe alikuwa wapi, na hapo ndipo atakapotamani kwamba asingalishitaki.