Maharage Yenye Jicho

Huku kwetu Gendabi, chini ya Mlima Hanang, kitu kikiwa na thamani husafiri kwa jina la bandia. Ada ya mtoto hupandishwa basi ndani ya kiroba cha unga. Simu mpya huandikwa "dawa za bibi". Kompyuta yangu ya kwanza ilitoka Arusha ikiwa imeviringishwa kanga na kuandikwa "vitabu vya kwaya", na utingo, kwa kuiheshimu kwaya, akaiweka juu kabisa ya mizigo, ambako ilinyeshewa kuanzia Minjingu hadi Babati. Ilifika imelowa lakini haijaibwa, na ndugu zangu wote wakasema huo ni ushindi.

Ndiyo maana yule dada wa Mwanza aliponiandikia, "Kaka, kamera utaituma ikiwa na bima?" nilijiona kama mtu aliyeulizwa pasipoti akiwa njiani kwenda Endasak.

Kamera yenyewe ilikuwa Canon EOS 5D Mark III, toleo la 2012, pamoja na ile lenzi nyeupe ya 70-200 ambayo wazee wa ukoo huamini ni kipaza sauti. Kiwanda kiliikadiria bodi hiyo kupiga picha 150,000 kabla shata haijachoka, na mimi nilikuwa nimeipeleka karibu na hapo kwa harusi za Katesh, vipaimara vya Basotu na misiba ambayo watu huagiza albamu halafu hawaji kuichukua. Niliitangaza mtandaoni kwa shilingi milioni tatu pamoja na lenzi. Walijitokeza wanunuzi wa aina tatu: anayetoa laki nne, anayetaka kubadilishana na pikipiki mbovu, na huyu dada, mpiga picha kama mimi, aliyekuwa tayari kulipa nusu kwanza na nusu mzigo ukifika. Alitaka jambo moja tu, bima.

Nikapanda boda hadi stendi ya Katesh. Mabasi ya Arusha kwenda Mwanza hupita hapo, yakaendelea Singida, Nzega na Shinyanga, na kila kampuni ina dirisha lake la vifurushi. Nilikwenda kwenye dirisha lililokuwa na foleni fupi.

"Ndani kuna nini?" kijana akauliza.

"Kamera."

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Braza, usitamke hivyo hadharani."

"Lakini nataka muandike na thamani yake. Milioni tatu."

"Nikiandika milioni tatu, karatasi hii nitaisoma mimi, ataisoma konda, ataisoma utingo, ataisoma anayehesabu mizigo Singida na anayeipokea Mwanza. Unataka wote hao wajue? Tuandike vifaa."

"Vifaa gani?"

"Vifaa tu."

Aligeuza kitabu cha risiti nisome nyuma, kwenye maandishi ambayo hata lenzi yangu ingehangaika kuyaona. Kampuni haitawajibika kwa mzigo ambao thamani yake haikutajwa. Ikitajwa, na mzigo ukapotea, fidia haitazidi nauli ya mzigo mara kumi. Nauli ilikuwa elfu kumi. Kwa hiyo kamera ya milioni tatu ikipotelea Nzega, ningepewa laki moja na pole.

Nilikasirika, lakini kabla hujawahukumu watu wa mabasi, angalia wenye ndege wanavyohesabu. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaotawala mizigo ya safari za kimataifa za anga, hupima fidia kwa kilo. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kikomo ni SDR 26 kwa kilo, SDR ikiwa ni fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Bodi yangu na ile lenzi nyeupe havifiki kilo mbili na nusu, kwa hiyo kikomo chake hakifiki dola 100 za Marekani. Gunia la maharage la kilo 100, kwa hesabu hiyohiyo, kikomo chake kinapita dola 3,000. Anayetaka zaidi hutakiwa kutangaza thamani mapema na kulipia nyongeza. Machoni pa mkataba, kamera ni maharage yaliyokosa uzito.

Kutoka hapo nikaenda kwa wakala wa bima, mama mmoja mpole mwenye meza yake pembeni ya duka la vipuri vya pikipiki. Nilimwamkia, akanipa kiti, akadhani nimekuja kukata bima ya bodaboda. Nilipoeleza shida yangu alivua miwani.

"Mwanangu, basi lina bima. Sheria inalazimisha. Abiria akiumia, bima ipo. Ila mzigo ulioko kwenye buti ni wako na Mungu wako."

Akanieleza kwamba bima ya mizigo ipo, tena ya siku nyingi. Watu wa meli walikuwa wakiikatia kwenye mgahawa wa kahawa wa Edward Lloyd jijini London tangu karne ya 17. Hata hapa Tanzania, mizigo inayoagizwa kutoka nje sheria inataka ikatiwe bima kwa kampuni zilizosajiliwa nchini, na tangu Januari 2018 agizo hilo limeanza kusimamiwa kweli. Mtu mwenye lori la vitunguu huhudumiwa vizuri. Mwenye boksi moja la kamera iliyotumika, kutoka Katesh kwenda Mwanza, huyo ilibidi mama apige simu mjini kuuliza.

Huko mjini walikuwa na maswali. Risiti ya kununulia iko wapi? Nilinunua kwa mpiga picha wa Arusha, naye alinunua kwa mtalii, na mtalii keshapanda ndege. Namba ya mashine? Ninayo. Bei ya leo sokoni? Hapo tukabishana, kwa sababu mwenye kamera hukadiria na mapenzi aliyonayo kwayo, na bima hailipii mapenzi. Kisha wakamsomea yale yasiyolipwa, naye akawa ananirudia moja moja: mikwaruzo na mibonyeo kwenye kitu kilichokwisha tumika, hakuna. Kuharibika kwa ndani bila alama ya nje, hakuna. Hasara ya kuchelewa, hakuna. Madhara ya kufungasha vibaya, hakuna.

"Sasa mama, kinabaki nini?"

"Basi likiungua," akasema kwa upole, "hapo unalipwa vizuri. Na kikiibwa pia, ila uwe umesema kweli. Andika kila kitu kilivyo. Ukituficha jambo, hatulipi."

Ada ya chini kabisa, kwa boksi hilo moja, ilikaribia bei ya mbuzi. Lakini mbuzi hakunisumbua sana. Kilichonikwamisha ni kwamba dirisha la vifurushi na meza ya bima, hatua chache kati yake, vilinipa masharti yasiyoweza kukaa kwenye boksi moja. Bima inataka niandike "KAMERA, MILIONI TATU". Barabara inataka niandike chochote isipokuwa hicho. Nikisema kweli, nimewaita wezi. Nikidanganya, nimemfukuza mlipaji. Mfumo mzima wa usalama wa vifurushi vyetu umejengwa juu ya uongo mdogo wa hisani, na mfumo mzima wa bima umejengwa juu ya uaminifu uliopitiliza, na mtu wa Gendabi anatakiwa kuwa malaika mezani kwa mama na mlanguzi dirishani kwa kijana, asubuhi hiyohiyo.

Sisemi haya kwa kuidharau bima. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlimani vikapita Katesh, Jorodom, Ganana na hapa Gendabi, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Tangu siku hiyo mtu akitaja bima kwenye kikao cha kijiji, watu husogeza viti karibu. Mama yule mpole anajua. Ndiyo maana hakunicheka.

Nyumbani nilimkuta Babu kibarazani. Hakuuliza kamera ni nini. Aliuliza ina sehemu ngapi.

"Bodi, lenzi kubwa, lenzi ndogo, betri na chaja, Babu."

"Na wewe ulitaka kuvipandisha vyote basi moja?" Akanitazama kwa masikitiko. "Mjukuu wangu, ng'ombe wangu wanalala wapi?"

Nilijua jibu. Kwa Wairaqw na Wadatoga, tangu zamani, mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Huyu yuko kwa rafiki Basotu, yule kwa shemeji Dongobesh. Anayewatunza anakunywa maziwa, na ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukipita hapa hautakuta mali yote. Hakuna fomu, hakuna ada, na ukitaka kudai, unakwenda unakaribishwa maziwa kwanza.

Basi tukaigawa kamera. Lenzi nyeupe ilipewa mpwa wangu anayesoma chuo Mwanza, aipakate safari nzima. Bodi, ikiwa na lenzi ndogo ya 50 mdomoni ili vumbi lisiingie, ikaenda na betri na chaja kwenye boksi la mafuta ya kula. Shangazi alikataa boksi liende vile. Kwanza, alisema, mteja hatumiwi boksi lisilo na chakula kama vile kwetu kuna njaa. Pili, zile karatasi nilizojaza pembeni hazizuii kitu. Akaifunga kamera kwenye nailoni, akaivisha sweta, akamimina maharage mekundu pande zote hadi boksi likatulia. Nilitikisa. Halikucheza hata kidogo. Vitabu vyote vya ufungashaji vimeshindwa na shangazi yangu.

Kijana wa dirishani alipouliza kuna nini ndani, nilisema "maharage", na uso wake ukang'aa. "Sasa tunaelewana, braza." Akaandika: maharage, boksi moja, thamani elfu ishirini.

Mpwa wangu hakufika mbali kabla hajaharibu mambo. Basi lilipokuwa linaacha Singida aliweka picha ya lenzi kwenye stetasi ya WhatsApp, ikiwa juu ya magoti yake, na maneno: "Safarini na mzigo wa milioni mbili, Mungu tangulia." Nikampigia.

"Futa!"

"Mjomba, wengi wameshaiona. Tena kuna jamaa ameuliza niko siti namba ngapi."

"Ukamjibu?"

Kimya. Alikuwa amejibu. Jamaa aligeuka kuwa mwanafunzi mwenzake aliyekaa siti za nyuma na alitaka tu kuazima chaja ya simu, lakini mimi hilo nililijua kesho yake, na usingizi wa usiku ule hakuna bima inayoulipa.

Boksi nalo lilifika salama stendi ya Nyegezi. Dada akaenda, akaonyesha namba ya risiti, akasaini, akabeba. Baada ya muda ujumbe ukaanza kuingia.

"Kaka nimefungua. Naona maharage."

"Kaka nimemwaga yote kwenye beseni. Bado ni maharage."

"Kaka, nimekulipa nusu ya milioni tatu kwa maharage?"

Nilimwambia achimbe zaidi. Alinitumia picha ya sakafu yake. Kweli yalikuwa maharage, tena ya njano. Ya shangazi yalikuwa mekundu. Hapo nikaelewa kwamba kwenye basi lile kulikuwa na maboksi mawili ya mafuta ya kula kutoka Katesh, yote yameandikwa maharage, na mtu wa Nyegezi alikuwa ametoa boksi la kwanza lililomgusa mkono. Fikiria dai langu lingesomekaje. Risiti inasema maharage. Mteja amepokea maharage. Thamani iliyoandikwa ni elfu ishirini. Duniani hakuna wakili ambaye angenisikiliza hadi mwisho.

Kilichoniokoa ni namba ya simu ambayo shangazi aliiandika kwa makaa ndani ya kifuniko. Jioni ikaingia simu kutoka Buhongwa, sauti ya mama mtu mzima.

"Mwanangu, shikamoo hunipi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Maharage yako yana jicho. Nilikuwa nayachambua mawe, likanitazama."

Nilimwomba radhi, nikamweleza yote. Alicheka sana, kisha akatulia na kuniambia kwamba kamera hana haja nayo, ila maharage ya njano alitumiwa na dada yake na anayataka yote, kwa sababu mekundu yanakula mkaa. Kesho yake walikutana stendi. Mama alikuja na kisado. Akapima. Yamepungua.

Dada akakiri kwamba usiku ule, kwa hasira, alichemsha kiasi.

"Kamera yako nimekuletea kamili, hata uzi wa sweta sijaugusa," mama akasema. "Maharage yangu yako wapi?"

Nikapigiwa simu kama mdhamini. Nikatuma elfu nne, pamoja na ya kutolea. Hiyo ndiyo fidia pekee iliyolipwa katika safari nzima, na ililipwa palepale, bila fomu, kwa kiasi kilekile alichopoteza mwenye mali, kama misingi ya bima inavyotaka.

Sasa nina neno kwa makampuni ya bima. Wekeni meza yenu ndani ya dirisha la vifurushi. Mtu akilipa nauli ya mzigo, aongeze shilingi elfu chache, mzigo wenye namba ya siri upewe bima ya safari hiyo moja, na thamani yake muijue ninyi tu, siyo konda, siyo utingo, siyo mtu wa Singida. Hapo nitasema kweli bila kuogopa, na wenzangu wengi watasema kweli kwa mara ya kwanza tangu barabara ya lami ifike.

Flashi mbili na stendi ya miguu mitatu bado ninaziuza. Anayezitaka aje mwenyewe Gendabi, na arudi nazo kwenye mapaja yake.