Gia Ndogo na Mama Mkwe

Gari halikuwa limekwama, na hilo ndilo lililomtia mwenyewe aibu. Lilikuwa juu ya lami kavu, saa nne asubuhi, katika kituo cha mafuta pale Igoma, Mwanza, na bado lilikataa kukata kona. Usukani ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Matairi yalilia, gari likarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba mguuni, kisha likazima katikati ya njia ya kutokea. Bajaji tatu zikapiga honi. Mama mkwe, aliyekaa nyuma na kikapu chake mapajani, akauliza kwa upole: "Baba, gari lina njaa?"

Mwenye gari, ambaye hatatajwa jina ingawa ndiye anayeandika haya, alikuwa na siku tisa tu tangu anunue Land Cruiser hiyo ya mtumba. Ni hadtopu, ile ambayo mtaani huitwa mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Kando ya gia ya kawaida ina gia nyingine ndogo, iliyoandikwa H2, H4, N na L4. Aliyezoea magari madogo ya mjini huiona gia hiyo kama kijana aliyerithi saa ya babu yake: hajui kuitia majira, ila lazima aivae. Asubuhi ile alikuwa ameivaa. Alitoka nyumbani akiwa kwenye H4, yaani fowili, kwa hesabu yake mwenyewe kwamba kama magurudumu mawili yanavuta vizuri, manne yatavuta mara mbili.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja aliyekuja kununua mafuta ya taa, dereva mstaafu aliyeendesha Land Rover 109 enzi zile ambapo fowili ilikuwa ya kitasa cha njano cha kubonyeza na chekundu cha kuvuta. Alizunguka gari mara moja, mikono nyuma, kama daktari wa mifugo.

"Kijana, toa hiyo fowili. Lami haina pa kuitupia."

"Imegoma kutoka, mzee."

"Haijagoma. Imebanwa. Rudi nyuma taratibu, usukani umenyooka."

Gari likarudi hatua kumi hivi, chini ya sakafu kitu kikalia ta!, na gia ndogo ikateleza kwenda H2 kana kwamba haijawahi kumkatalia mtu.

Kila aliyepanda daladala anajua chanzo cha ugomvi huu bila kujua kwamba anajua. Dereva akikata kona kwa pupa, tairi linalopanda ukingo ni la nyuma, kwa sababu magurudumu ya nyuma hupita njia ya mkato. Ya mbele huzunguka kwa mbali zaidi, hivyo kwenye kila kona husafiri safari ndefu kuliko wenzao. Difu ya mbele na difu ya nyuma kila moja husuluhisha tofauti ya gurudumu la kushoto na la kulia. Lakini nani asuluhishe mbele na nyuma? Magari ya fowili ya kudumu, zikiwamo Prado nyingi, yana difu ya tatu katikati kwa kazi hiyo. Mkonga huu hauna. Ukiuweka H4, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kulazimishwa kuzunguka sawasawa, kona iwepo isiwepo. Kwenye tope, mchanga au kokoto, tairi huteleza kidogo na tofauti ikaishia hapo. Kwenye lami tairi limeng'ang'ania, kwa hiyo tofauti inajikunja ndani ya shafti, krosi na giaboksi ndogo, ikisubiri kilicho dhaifu kuliko vyote kikatike. Lami iliyolowa mvua nayo bado ni lami. Na ukifunga matairi mapya mbele ukaacha yaliyolika nyuma, ubishi huo utaupata hata barabara ikiwa imenyooka.

Mzee alipomaliza kumweleza hayo yote, mwenye gari alishukuru, akaamkia tena ingawa alikuwa ameshaamkia, kisha kwa hofu akafanya jambo moja zaidi. Akachuchumaa na kuzungusha habu zote mbili za magurudumu ya mbele kutoka LOCK kwenda FREE. Habu za namna hii ni kitu cha zamani. Mmarekani Arthur Warn alianza kuziuza mwaka 1948. Zikiwa huru, magurudumu ya mbele huzunguka yenyewe bila kuburuta shafti na difu bure. Kwa safari ya lami ni uamuzi wa busara, mradi ukumbuke kwamba umeufanya.

Lami ilikuwa tamu. Magu, Lamadi, Bariadi, mpaka Maswa, mama mkwe akisinzia. Walikuwa wanakwenda kuangalia shamba lake la pamba. Baada ya Maswa wakaingia barabara ya udongo, na udongo wenyewe ni ule mweusi wa mbugani, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza kandambili, na masika hugeuka gundi.

Utaratibu unaofaa ni kuweka fowili kabla ya tope. Yeye aliingia kwanza, kwa kasi na kwa imani. Gari lilipoanza kuzama ndipo akavuta H4. Injini ikanguruma, magurudumu ya nyuma yakachimba, ya mbele yakatulia tuli kama wageni waalikwa wanaongoja soda. Akakumbuka habu! Akafungua mlango wa kulia, akatumbukia hadi kwenye mashavu ya miguu, akakwangua tope kwa ufunguo wa nyumba na kuizungusha habu ya upande wake hadi LOCK. Ya kushoto ilikuwa upande wenye dimbwi. Aliitazama, akatazama viatu vyake, akaamua kwamba moja inatosha kwa kuanzia.

Haitoshi hata kidogo. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kule kwenye wepesi, na hakuna penye wepesi kama kwenye shafti ambayo habu yake iko huru. Kwa hiyo shafti ya kushoto ilizunguka kwa furaha ndani ya habu, gurudumu lake likiwa limesimama, na la kulia halikupata kitu. Alikanyaga mafuta dakika tano. Alipoacha, difu ya nyuma ilikuwa imekalia tope kama kuku aliyeatamia.

Kijana wa miaka kumi na miwili hivi akatokea na maksai wanne na mnyororo begani.

"Shikamoo. Habu ya huku haijafungwa."

"Marahaba. Umejuaje?"

"Magari ya pamba hukwama hapahapa," alisema, kana kwamba anazungumzia kituo cha basi.

Akaingia dimbwini bila kuuliza bei, akaifunga habu ya kushoto, kisha ndipo akataja bei. Mama mkwe akaipunguza kwa Kisukuma bila kushuka garini. Kijana alipowageuza maksai ili wakabili gari, mwenye gari aliona jambo ambalo mzee wa Igoma alikuwa amelieleza kwa maneno: ng'ombe wa ndani alisimamishwa, wa nje akazunguka hatua nyingi, na nira haikuvunjika.

Safari hii alifuata kitabu. Alisimamisha gari kabisa, akakanyaga klachi, akaweka L4, gia ya pili, mafuta kidogo. L4 hupunguza mwendo na kuongeza nguvu karibu mara mbili na nusu. Madereva wanaoteremka ukuta wa kreta ya Ngorongoro, wa takribani mita 600, huitumia ili injini yenyewe iwazuie badala ya kuchemsha breki. Maksai wakavuta, magurudumu manne yakauma, gari likatoka kwa mlio ambao hauandikiki.

Mwanamume aliyetoka topeni hujiona bingwa. Kilomita moja mbele, akiwa amerudisha H4, alishuka kijito kwa mwendo wa bingwa, akakanyaga breki na gari likaendelea kushuka ubavu ubavu hadi kichakani. Fowili husaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya breki na matairi, na gari linalovutwa na magurudumu mawili tu lina magurudumu manne ya kusimamia vilevile. Mama mkwe alishikilia kikapu, hakusema neno, na ukimya huo ulimwadhibu kuliko kichaka.

Siku mbili baadaye walirudi. Walipogusa lami ya Maswa, mwenye gari akavuta gia ndogo kwenda H2 kwa madaha ya mtu anayejua. Haikusogea. Alikuwa amekata kona mbili za lami kabla ya kukumbuka. Taa ya fowili kwenye dashibodi ikaendelea kumkodolea.

Basi akatazama kioo, akanyoosha usukani, akaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea walikotoka. Mama mkwe akaamka, akageuka kuitazama barabara, kisha akaanza kuhesabu vitu vilivyomo kikapuni.

"Baba," akauliza, "tumesahau nini?"