Namna ya Kuuza Caldina Isiyofanana na Caldina

Yapo magari yanayojiuza yenyewe. Egesha IST safi nje ya geti asubuhi, na kabla ya adhuhuri madalali watatu wameshakuletea wateja ambao hukuwaita. Mwongozo huu haumhusu mwenye IST. Unamhusu ndugu yetu mwenye Toyota Caldina GT-FOUR ya mwaka 2003, aliyeishusha mpaka inalamba lami, akaing'oa tabo ya kiwandani na kufunga kubwa zaidi, akatoa siti za nyuma ili spika zipate pa kukaa, na sasa ada za shule zimebisha hodi. Anataka kuuza. Anataka pia arudishiwe kila shilingi aliyoizika humo. Twende naye hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: Panga bei kwa kufuata moyo

Usihangaike kuuliza Caldina nyingine zinauzwaje. Hizo ni Caldina za watu wengine. Kaa chini ujumlishe: bei ya kununulia, ushuru, rimu za inchi 18, springi fupi, bomba la moshi, tabo, kompyuta ya kuipangia mafuta hiyo tabo. Ongeza malipo ya fundi wa kwanza, halafu malipo ya fundi wa pili aliyerekebisha alichokiharibu wa kwanza. Ongeza na nauli za bodaboda za kufuata spea Gerezani. Risiti zilizopotea zikadirie, na uzikadirie kwa juu. Jumla hiyo ndiyo bei, na ukiitaja itaje bila kupepesa macho.

Mtu akikuambia kwamba kwa hesabu hiyo unauza sahani ya pilau kwa bei ya jiko, mwache. Hajui vyakula.

Hata hivyo, ni vizuri ufahamu mwenzako anaona nini akilitazama gari lako. Anaona Caldina. Anaijua: shemeji yake anayo, mwalimu mkuu anayo, na kuna moja ilimpeleka msibani na jeneza likatoshea. Hiyo anayoijua yeye, ya cc 1,800, ina nguvu takriban nusu ya yako. Yako ina injini ya 3S-GTE, cc 1,998, tabo, nguvu farasi 260, na inasukuma magurudumu yote manne. Ni ukoo uleule wa injini uliokuwa ndani ya Celica zilizoshinda Safari Rally mwaka 1990, 1992, 1993 na 1994. Kwa hiyo una jambo la kweli la kujivunia. Tatizo ni kwamba mteja hatafuti mshindi wa Safari Rally. Anatafuta gari la kumpeleka Moshi mwezi wa kumi na mbili na kumrudisha.

Hatua ya pili: Andika tangazo

Lugha ya matangazo ya magari ina kanuni zake. "Gari ipo vizuri sana" maana yake linawaka. "Inadai vitu vidogo vidogo" maana yake usije na hela yote, nyingine mwachie fundi. "Injini haijawahi kushushwa" huandikwa kwenye kila tangazo. Wewe usiiandike, maana yako imeshushwa mara nyingi hata fundi ameacha kutumia taa.

Usiandike pia kwamba lilikuwa linaendeshwa na dada wa ofisini kwenda kazini na kurudi. Hayupo dada wa ofisini anayekaa kwenye kiti cha mashindano chenye mikanda minne huku amevaa sketi.

Badala yake, orodhesha kila kitu ulichofunga, kwa majina ya Kijapani, bila kueleza kazi yake. Asiyeelewa atadhani ni vitu vya thamani. Anayeelewa atajua kimekosekana nini. Kama umeng'oa gia boksi ya otomatiki na kuweka gia za mkono, lipe jambo hilo aya yake. Toyota wenyewe hawakuitengenezea GT-FOUR ya kizazi hiki gia za mkono. Ilitoka na otomatiki ya gia nne tu, tangu 2002 hadi uzalishaji ulipokoma 2007. Kwa hiyo unaweza kutamba kwa haki kwamba gari lako ni la pekee. Mteja naye atajiuliza kwa haki: spea za gari la pekee zinapatikana wapi?

Kisha malizia na maneno mawili yanayofuta yote uliyoandika juu: bei maelewano.

Hatua ya tatu: Piga picha

Piga usiku, taa za buluu za chini zikiwaka, gari likiwa kwenye kona. Picha za rimu ziwe nne, moja kwa kila rimu, wasije wakadhani ni tatu. Piga mwanga wa dashibodi, lakini kwa ufundi: ile taa ya njano yenye umbo la injini iangukiwe na kivuli cha usukani.

Picha ya buti ndiyo mtihani. Caldina ilibuniwa na buti refu ili ibebe mizigo. Wewe hapo umejenga kabati la spika kwa mbao na zulia jekundu, likaanzia mgongo wa siti za mbele hadi mlango wa nyuma. Una gari la kubebea magunia lisiloweza kubeba hata dumu la maji ya kunywa. Andika chini ya picha: "Muziki upo wa kutosha."

Hatua ya nne: Jibu simu

Simu zitakuja, na zote zitaanza hivi:

"Kaka, habari za saa hizi. Ile Caldina bado ipo?"

"Ipo, kiongozi."

"Mwisho?"

Hajaliona gari. Hajui lilipo. Anataka mwisho kabla ya mwanzo. Usikasirike, hiyo ndiyo salamu ya sokoni. Atafuata na maswali matatu, nawe uwe na majibu yake mfukoni.

La kwanza: ni namba gani? Hapa haulizi mwaka wa kutengenezwa, anauliza herufi ya kwanza katika zile tatu za mwisho za kibao. Namba D humfanya mtu aone gari ni la juzi kuliko namba C, ingawa herufi inaeleza lini gari lilisajiliwa Tanzania tu. Caldina ya 2003 yenye namba D imekula chumvi Japani kwanza.

La pili: lita moja inakwenda kilomita ngapi? Jibu la wahenga wa gereji ni moja: "Inategemea mguu." Usiseme zaidi ya hapo. Hasa usiseme kwamba injini hiyo iliandikiwa petroli ya oktani ya juu, na kwamba tangu uongeze msukumo wa tabo unamfahamu kwa jina kila mhudumu wa kituo cha mafuta kuanzia Mwenge hadi Tegeta.

La tatu si swali, ni ofa: "Mimi nina kiwanja Chanika, ishirini kwa ishirini, nikuongezee na milioni mbili." Usicheke. Fikiri. Kiwanja hakinywi oili.

Akipiga mtu wa Nairobi anayetaka kulivusha gari Namanga na kulisajili kwao, muage kwa heshima. Kenya haisajili gari lililotumika nje likizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa kuwa Caldina zilikoma kutengenezwa 2007, mlango huo ulishafungwa kitambo.

Hatua ya tano: Mpe dalali

Ukichoka na simu, mkabidhi dalali. Atalizunguka gari mara moja, atapiga tairi teke, kisha atauliza unataka ngapi mkononi. Ukitaja, ataweka cha juu. Cha juu hicho hakikuhusu, na wala hutakijua. Utakachojua ni kwamba mteja aliyekuwa anakaribia bei yako amekimbia kwa sababu alitajiwa bei ambayo hata wewe, pamoja na moyo wako wote, hukuthubutu kuitaja. Ukitaka uhakika, mkubaliane kiasi chake mapema, na bei iwe moja kwa kila mdomo.

Hatua ya sita: Pokea fundi wa mteja

Mteja wa kweli haji peke yake. Anakuja na fundi wake, mtu mwembamba asiyesalimia kwa sauti, mwenye kitambaa mfukoni.

Mtazame anavyofanya. Kwanza anaweka kiganja juu ya boneti kabla haijafunguliwa. Ikiwa ya moto, ameshajua umeliwasha asubuhi ili wasisikie linavyokohoa likiwa baridi. Anachomoa stiki ya oili, anasugua tone kati ya vidole viwili, ananusa. Anaangalia vichwa vya nati kama vimeliwa na spana. Anakuambia uwashe, anafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, anatazama kama moshi unapanda. Anazunguka nyuma na kuweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, kile kiganja anakigeuza, anakisoma. Muda wote huo hajasema neno. Halafu anaguna: "Mmh. Hii tabo kaifunga nani?"

Swali hilo halina jibu sahihi. Ukimtaja fundi asiyemjua, ni kishoka. Ukimtaja anayemjua, ndiye huyohuyo aliyemharibia mjomba wake gari. Ukisema umefunga mwenyewe, wateja wako wameshaondoka.

Wakibaki, mtaingia barabarani. Kukionyesha kipaji cha gari hili inabidi ukanyage, na ukikanyaga katika eneo la kilomita 50 kwa saa, askari mwenye tochi yupo nyuma ya mwarobaini. Faini ni shilingi 30,000, na inasomeka kwa namba ya gari. Ukienda polepole nako, kila tuta litakwangua tumbo la gari, na mteja atasikia sauti hiyo kwa nyayo zake. Wauzaji wazoefu hupandisha muziki wakikaribia tuta. Ndiyo faida pekee ya lile kabati la spika.

Hatua ya saba: Karatasi

Hapa kejeli inapungua nguvu, maana karatasi hazina utani. Kadi ya gari inataja rangi, namba ya chasi, namba ya injini na ukubwa wake. Gari lako lilikuwa jeupe kwenye kadi, sasa ni la kijani lisilo na jina. Injini iliyomo ilitoka kwenye gari lililochinjwa. Kwenye kadi, basi, unauza gari moja. Kwenye uwanja, jingine. Fundi wa mteja asipoliona hilo, wakili ataliona, na wakili asipoliona, TRA wataliona siku ya kuhamisha umiliki. Sahihisha kadi kabla ya kutangaza. Lipa faini zote na madeni ya maegesho, kwa sababu mnunuzi anaweza kuyaona kwenye simu yake akiwa bado kwenye foleni ya kuja kwako. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na hela ihesabiwe benki, si kwenye baa.

Hatua ya nane: Hatua zote zikigoma

Miezi ikipita na gari limebaki na wapiga picha tu, kuna njia ambayo hutaipenda, na ndiyo inayofanya kazi. Lirudishe lilivyotoka kiwandani. Ng'oa springi fupi, rudisha zile za zamani kama hukuzigawa. Toa kabati la spika, funga siti za nyuma, weka rimu za kawaida. Vilivyotoka viuze kimoja kimoja kwa wanaovijua. Kijana anayeitafuta tabo hiyo atailipia vizuri, na aliyekuwa anataka gari la familia hatakuwa anailipia bila kuijua. Gari moja lililokuwa na wanunuzi wawili mji mzima litakuwa limepata wanunuzi wa aina mbili, kila mmoja na pochi yake.

Ukiona uchungu kulivua, basi tafuta mmoja kati ya wale wawili. Yupo. Huwa hapigi simu kuuliza mwisho. Anauliza umeweka msukumo kiasi gani, na kichwa cha injini kimefungwa na gasketi ipi. Huyo mwambie kila kitu, pamoja na kilichovunjika, kwa sababu atakikuta tu. Mpe risiti, mpe hata namba ya yule fundi wa pili. Bei atakayotaja itakuwa chini ya jumla ya risiti zako, na itakuwa ya haki.

Fedha iliyoingia kwenye tabo ilikuwa starehe, wala haikuwahi kuwa akiba, na starehe uliipata siku ulipokuwa unaendesha. Hakuna mnunuzi anayedaiwa starehe yako. Kwa hiyo pokea hela, tia sahihi, na hamisha umiliki siku hiyohiyo. Kadi ikiendelea kusoma jina lako, siku mnunuzi atakapopigwa tochi, deni litakuwa lako.