Namna ya Kumiliki Santuri Ambayo Jirani Hajawahi Kuisikia

Usiseme umenunua santuri. Sema umepata "mkusanyo" wa muziki wa elektroniki wa chinichini kutoka Bulgaria, kisha nyamaza, watu waone aibu kuuliza.

Ukiifuata Sofia kwenyewe, jihadhari na vichwa. Kule kutikisa kichwa kushoto na kulia ni ndiyo. Kukiinua na kukishusha ni hapana. Muuzaji akikuitikia hivyo ulipomwomba apunguze bei, usianze kuhesabu chenji.

Ukirudi nyumbani, soma jalada mbele ya wageni. Herufi ni za Kisirili: P yao ni R, H ni N, C ni S. Ukikutana na PECTOPAHT, usimsifu kuwa ni fundi wa vinanda. Ni mgahawa.

Mgeni akilalamika kwamba sauti inavuma kama feni mbovu, hapo ndipo pa kutamba. Mweleze kwamba kabla ya kiongozi wao Todor Zhivkov kung'olewa Novemba 1989, kampuni ya santuri ilikuwa Balkanton, mali ya serikali. Aliyekataliwa hapo hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Alijirekodia chumbani kwa kaseti, rafiki akainakili, rafiki wa rafiki akainakili nakala, mpaka mwimbaji akawa kama anaimbia ndani ya mtungi. Mvumo huo, uliohamia kwenye santuri yako, ndio uliougharamia. Mgeni akidhani nchi yenyewe haikuwa na mashine, mtupie Pravetz: kompyuta zilizoigwa kwa Apple II, zikapewa jina la mahali alikozaliwa Zhivkov huyo huyo. (Bahati iliyoje.)

Ikitokea wimbo umefuata rachenitsa, ngoma yao ya jadi, waache wageni wapige makofi. Mapigo ni saba: mbili, mbili, tatu. Wao watahesabu nne na kupiga palipo kimya. Watazame kwa huruma.

Kucheza santuri yenyewe si lazima. Sindano inakula mifereji, na mifereji ni pesa. Yule aliyejirekodia chumbani aligawa kaseti bure ili asikike. Wewe umelipa ili isisikike ovyo. Irudishe kwenye nailoni yake, namba ionekane: ya 87 kati ya 300.

Rafiki akiomba umrekodie, mtikisie kichwa kushoto na kulia. Ataondoka na furaha. Akirudi wiki ijayo na flashi, mwambie ulitikisa kwa Kiswahili.