Ngao Imeshachongwa

Shabiki wa Texas A&M ni mtu wa subira: ubingwa wa taifa wa futiboli ya Marekani chuo chake kiliupata mara ya mwisho mwaka 1939. Alipokuja kocha Jimbo Fisher, kwa mkataba wa miaka 10 na dola milioni 75, wakubwa walimkabidhi kabisa ngao ya ubingwa. Kilichobaki kujazwa ni mwaka tu: 20, kisha nafasi wazi. Harusi bado, mtoto keshapewa jina! Novemba 2023 akatimuliwa, na kwa kuondoka tu akawa anadai zaidi ya dola milioni 75. Mwezi huohuo akatangazwa kocha mpya, Mike Elko. “Sasa tumempata mwenyewe,” shabiki akaapa. Sifa zake? Aliwahi kuwa msaidizi wa Fisher.