Keekee Nzee ya Kirinyaga Road

Mama watoto alikuwa na sharti moja tu: mashine hiyo isiingie sebuleni. Nikamwahidi itakaa bandani, na banda lingekuwa tayari kama fundi wa mabati hangechukua malipo ya kwanza kisha akazima simu. Basi keekee ya kusimama, ile ya kutoboa vyuma, yenye nguzo na meza yake, ikafika Uthiru jioni ya mvua bila paa la kuihifadhi. Iliingia vipande vipande, mabegani mwa vijana wa mkokoteni, ikasimama kati ya televisheni na kabati la vyombo.

Niliipata Kirinyaga Road, barabara ambayo makanika wakongwe wangali wanaiita Grogan, kwa jina la Ewart Grogan, mlowezi aliyesifika kwa safari yake ya Cape hadi Cairo iliyokwisha mwaka 1900. Gereji moja ilikuwa inafungwa. Mwenyewe, mzee wa rika la baba yangu, alikuwa ameshapatana na watu wa vyuma chakavu. Nikaushika mhimili wa keekee, nikautikisa huku na huku. Haukucheza hata kidogo.

“Mzee wangu,” nikamwambia, “hii ukiiweka kwenye mizani utakuwa umeizika ikiwa hai.”

“Basi ichukue kwa bei hiyo hiyo ya kilo,” akanijibu. “Lakini usiende kuiuza, kijana.”

Uzito wake ndio nilioutaka. Mashine nyingi mpya za bei ya chini zina nguzo nyembamba. Ukikandamiza mkono, meza inainama na shimo linakwenda upande. Chuma cha kusubu kinameza mtetemo. Mtu anayeunda vitanda na viti jioni akitoka kazini hawezi kuishi na mashimo yaliyopinda.

Mama mkwe alikuwa kwetu, amekuja kliniki kutoka Murang’a. Marehemu mumewe alifanya kazi kwenye karakana ya reli hapa Nairobi, na mama aliitazama ile kutu kama mtu aliyekutana na jamaa wa zamani. “Mafuta ya taa usiku kucha, kisha brashi ya waya,” akasema. “Msasa ni wa mwisho. Na usiwe na haraka, mwanangu.” Akajifunga leso, akavuta kigoda, akaanza kusugua puli yeye mwenyewe. Harufu ikaingia kwenye mapazia, ikaingia mpaka kwenye chapati. Mama watoto akaacha kusema na mimi.

Boliti za kichwa ndizo zilizotutesa. Spana ya 15 haiingii, ya 16 inazunguka bure. Hizo ni hesi za Whitworth, kipimo alichokipendekeza Joseph Whitworth kule Uingereza mwaka 1841, na mashine nyingi za zamani za Kiingereza zimefungwa nacho. Boliti ya inchi 5/16 ina kichwa cha inchi 0.6, yaani milimita 15 na ushei. Ukilazimisha spana ya 16 unakula pembe zake, na hapo utaitoa kwa patasi. Spana zenyewe, zenye herufi W ubavuni, nilizipata Gikomba kwa wauzaji wa vyuma vikuukuu.

Halafu mota. Kibao chake kiliandikwa volti 415, fezi tatu. Nyumba zetu hupewa fezi moja, volti 240. Nikanunua nyingine ya kilowati 0.75, inayozunguka kama mara 1,450 kwa dakika, ila shina lake lilikuwa la milimita 19 na tundu la puli ya zamani inchi 5/8, haifiki hata 16. Fundi wa kukereza wa Kawangware akalipanua nikiwa nimesimama pale, akipima kila baada ya kukwangua kidogo.

Usiku wa kuijaribu, watoto wakiandika kazi ya shule, nikabonyeza swichi. Mota ya namna hii ikianza huvuta umeme mara tano au sita ya ule inaotumia ikishakimbia. Ploti nzima ikawa giza, na mechi ilikuwa inachezwa. Majirani wakaja mlangoni na tochi za simu.

Fundi wa stima alisema mashine inataka laini yake na swichi yake. Pesa za kazi hiyo, na za mabati, alizitoa mama watoto kutoka chama chake. Alikuwa ameniona nikitoboa bapa la milimita 10: mkanda nimeuhamishia kwenye puli ya mwendo wa pole, tone la mafuta, na chuma kikatoka kwa nyuzi mbili ndefu zilizojikunja. Akaingiza boliti kwenye tundu, ikapita wima. “Fremu ya kibanda changu utaitoboa lini?” akauliza.

Sheria za bandani ameziandika yeye: hakuna leso wala glavu karibu na mhimili unaozunguka, hakuna kushika bapa kwa mkono bila kulibana, na ufunguo wa kubania biti hutolewa kabla ya swichi.

Nairobi imejaa gereji zinazofungwa, na mashine kama hizi zinaondoka kwa kilo kwenda kuyeyushwa. Mwenye gereji, kabla hujamwita mtu wa mizani, muulize kwanza fundi wa mtaani kwako. Nawe fundi ukiitwa, tikisa mhimili, soma kibao cha mota, kisha ulipe.