Makinda wa Ziwa Jipe

Kando ya Ziwa Jipe, ndani ya matete, palikuwa na kijiji cha mnana. Kila Oktoba mbayuwayu waliwasili kutoka Ulaya, wakalala kwenye matete hayohayo hadi Machi au Aprili. Walijua mvua imeshika wapi na nzige wameelekea wapi, basi kila mzazi akatamani mwanawe aongee Kimbayuwayu.

Kasuku akafungua shule. "Akiota manyoya amekwisha kuchelewa," akawaambia. "Mleteni angali ndani ya yai." Ada ilikuwa mtama, na kadiri mwanafunzi alivyokuwa mchanga ndivyo ada ilivyopanda.

Bi Mnana akalipa. Nyumbani akapiga marufuku Kimnana: kinda akiteleza, anavishwa kipande cha mfupa shingoni. Yeye mwenyewe Kimbayuwayu alichokijua ni salamu na majina ya wadudu, kwa hiyo kiotani mwake hapakuwa tena na hadithi, wala maonyo, wala kubembelezana. Kinda akawa anasema "Habari ya asubuhi, mwalimu" hata jua likizama, na majirani wakamwonea wivu. Mimi namlaumu Kasuku kuliko mama huyu. Mama alikuwa na uchungu wa mwana, na uchungu huo ndio uliofanyiwa biashara.

Siku moja nyoka akapanda mteteni. "Nyoka! Tokeni!" akapiga kelele Bi Mnana, kwa lugha iliyomtoka moyoni. Makinda wote wakaruka, isipokuwa wake. Alibaki kumkodolea mama yake macho, kisha akajibu, "Habari ya asubuhi." Jirani alimsukuma nje kwa kichwa; kinda akapona, lakini bawa lake likavunjika.

Baraza likaitwa. Bundi, aliyelelewa darini mwa maktaba huko Moshi, akaombwa aseme ya binadamu.

"Sikio la mtoto mdogo hunasa matamshi vizuri, hilo ni kweli," alisema. "Lakini linataka kuisikia lugha kutwa, kwa anayeijua. Huko Barcelona walilinganisha wanafunzi wa Kiingereza walioanza na miaka 8 na walioanza na miaka 11. Kwa saa zilezile za darasani, wa 11 waliwatangulia wadogo. Na mwaka 2018 watafiti walichambua majibu ya watu zaidi ya 600,000, wakaona uwezo wa kushika sarufi hudumu hadi karibu miaka 17. Anayetaka kufikia kiwango cha mzawa ndiye anayehimizwa aanze kabla ya 10. Wewe Kasuku unawapa nusu saa kwa wiki, kisha unawanyang'anya lugha ya mama kutwa nzima."

Wote wakamgeukia mwana wa mjane mmoja. Huyu hakuwa na ada. Alikuwa amekwisha kuota manyoya, na Kimnana anakijua hadi mafumbo, alipoanza kushinda na vijana wa mbayuwayu wakiwinda mbu juu ya maji. Msimu ulipokwisha alikuwa akibishana nao. Lafudhi ya Jipe haikumtoka, na mbayuwayu walimwelewa vizuri tu.

Bi Mnana akamvua mwanawe ule mfupa, akautupa mbele ya Kasuku, akadai mtama wake.

Kasuku akajikohoza, akajitetea kwa Kimbayuwayu kirefu, kichwa juu. Mbayuwayu mmoja akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza mwana wa mjane jambo.

"Anauliza," kijana akalitafsiria baraza, "huyu mwalimu anaongea lugha gani?"